Pua ya Kuazima

Katika ghala lile la zabibu, hakuna aliyeingia chumba cha baridi kabla Pua hajasema, "Ingieni." Hata msimamizi, aliyetembea na funguo zote kiunoni, alisubiri nje kama wengine. Haikuandikwa popote. Ilizuka tu, watu wakaizoea, ikawa sheria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zabibu haiachi kuugua kwa sababu imevunwa. Punje moja ikipasuka, ukungu wa kijivu unaingia hapo, unahamia kwa jirani, na ukija kushtuka kichala kizima kimeota manyoya. Kwa hiyo makreti yalipangwa chumbani, mlango ukakazwa, kisha kutoka kwenye mtungi uliokaa nje ikaachiliwa gesi ya kiberiti, ile yenye harufu ya njiti iliyowashwa karibu mno na uso. Feni ziliizungusha mpaka ikapenya kila kreti. Ukungu ulikufa, vikonyo vikabaki kijani, na punje zikabaki ngumu hata baada ya safari ndefu. Gesi ikishamaliza kazi yake ilinyonywa kwa pampu, ikapitishwa kwenye maji, na chumba kikaachwa kipumue. Ikizidi, zabibu zinababuka na kutoka mabaka meupe. Ikibaki chumbani, inababua vifua vya watu.

Hapo ndipo Pua alipohitajika.

Alianza kama mpakiaji, kijana wa kubeba na kushusha. Siku moja alisimama nyuma ya lori lililojaa, akakataa kupanda.

"Humu kuna kitu kimeoza," alisema. "Katikati, huko chini."

"Labda ni soksi zako," dereva alimjibu, na wenzake wakacheka.

Waliposhusha mzigo walikuta kreti moja, katikati, huko chini, limevaa ukungu kama koti. Kuanzia hapo akaitwa Pua, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho. Mkewe alipenda kuwaambia majirani kwamba yeye aliolewa na pua, mwili ukafuata baadaye. Watoto wao walijua kwamba baba hadanganyiki: akifika mlangoni alikwisha kujua nani amekula nini na nani hajaoga.

Ukutani palikuwa na kipima gesi, kidude cha manjano chenye taa. Lakini mara nyingi Pua alisema "bado" kabla taa haijasema, na mwishowe watu wakaacha kuitazama. Kilipoharibika, msimamizi aliagiza kingine bila pupa. "Kitakuja tu," alisema. "Kwani Pua si yupo?"

Alikuwepo. Tatizo ni kwamba msimu uliopita mafua yalimshika vibaya, yakamlaza, yakaondoka na kitu ambacho hayakukirudisha.

Mwanzoni hakujua. Aligundua siku ya mapumziko, alipokuwa ameketi jikoni akitengeneza mkanda wa kiatu, mkewe akaingia mbio kutoka uani.

"We baba watoto, umekaa hapa na maharage yanateketea?"

Pua aligeuka. Moshi ulikuwa umetanda mpaka darini.

"Nilikuwa nawaza," alisema.

"Kwani ukiwaza na pua nayo inafunga duka?"

Alicheka, kwa sababu alitakiwa acheke. Mkewe alipotoka kwenda kusugua sufuria, alijifungia bafuni na sabuni, chupa ya mafuta ya taa na pilipili ya unga. Sabuni ilikuwa kama jiwe. Mafuta ya taa yalikuwa kama maji. Pilipili ilimpigisha chafya mfululizo, lakini hata hiyo pilipili haikunuka. Aliketi kwenye ukingo wa beseni akashikilia magoti yake. Kitu cha kwanza kilichomjia akilini hakikuwa zabibu wala gesi. Alijiuliza: bila pua, mimi ni nani pale kazini? Akajijibu: mtu wa makamo mwenye mgongo mbovu, anayejua kufungua koki na kuifunga. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi langoni, na wengi wao walikuwa vijana.

Hakumwambia mkewe. Alijiambia harufu itarudi, akaingoja kama anavyongojwa mgeni aliyesema yuko njiani.

Mara ya kwanza aliposimama mlangoni mwa chumba cha gesi bila harufu, alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Hakupata kitu. Koo lake nalo lilikwisha kuzoea, halikuwasha kwa jambo dogo. Hewa safi na hewa mbaya zilikuwa zimegeuka kuwa hewa moja, na nyuma yake wanawake wa kupanga zabibu walikuwa wamesimama na matoroli yao, wakipiga soga, wakimngoja aseme neno.

Alisubiri. Akasubiri tena.

"Pua, leo unaomba dua au?" msimamizi aliuliza. "Kontena linatungoja."

Pua alikuwa amekwisha kufungua mdomo ili aseme lolote lile. Hapo ndipo mtu alipokohoa nyuma yake. Alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake, aliyeajiriwa pale kwa maneno ya Pua mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno mengi na kifua chepesi. Vumbi lilimkohoza, marashi yalimkohoza, pilipili ya jirani ilimkohoza.

"Bado," Pua alisema papo hapo.

"Mnaona?" akasema Mama Mizani, mzee wa kupima makreti, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Huyu mtu hakuumbwa kama sisi."

Shemeji alipoacha kukohoa, Pua alisema, "Ingieni," na hakuna aliyedhurika.

Mambo yakaanza namna hiyo. Safari iliyofuata alimwita. "Shem, njoo usimame hapa unishikie tochi." Akaja, akasimama begani pake, akamulika tochi ndani ya chumba chenye taa zinazowaka. Pua alifungua mlango kidogo akangoja. Shemeji akikohoa, bado. Asipokohoa, ingieni. Kazi ikaenda vizuri kuliko zamani, maana kile kifua kilishtuka hata kwa gesi ndogo ambayo Pua mwenyewe, katika siku zake nzuri, angeihisi kwa shida.

Wanawake hawakumwacha shemeji hivi hivi.

"Tochi mchana kweupe. Kazi za kupewa hizo."

"Wivu tu," shemeji alijibu, mkono kiunoni. "Mimi nimeolewa kwenye ukoo wa watu."

"Kaka mtu ana pua. Huyo wako ana nini?"

"Ana mdomo. Akila mnaweza kudhani ni harusi."

Walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Pua alicheka nao, macho yake yakiwa kwenye mlango. Alijisemea kwamba ni pumzi moja tu, tena ya pale pale kizingitini. Nani amewahi kufa kwa kukohoa mara moja? Lakini alijua kwamba haikuwa mara moja. Ilikuwa kila chumba kilipofunguliwa, na vyumba vilikuwa vingi, na msimu ndio kwanza umeshika kasi. Akaanza kuogopa sauti za feni. Akaanza kunawa mikono ovyo. Mezani alitafuna chakula kisicho na ladha, akasifu chumvi, kumbe mkewe siku hiyo alisahau kutia.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza.

"Uchovu."

"Uchovu gani unaokula chakula kisicho na chumvi ukasema kimekolea?"

Akasema zabibu ni nyingi mwaka huu. Mkewe alimtazama kwa muda, akaondoa sahani.

Jumapili moja alipita kwa mdogo wake. Shemeji alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji, akasimama katikati, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia. Alipomwona Pua alitabasamu bila kuzungumza, jambo ambalo hakulizoea. Akaingia ndani na ndoo yake.

Mdogo wake alisubiri mlango ufungwe. "Kaka, siku hizi kifua chake kinapiga filimbi. Nikilala naisikia. Nimemwambia aende akapimwe, hataki. Anasema wakimwandikia pumu, kazi ndiyo imekwisha."

"Imeanza lini?"

"Ilikuwepo zamani, lakini kidogo. Sasa imezidi." Mdogo mtu aliinama mbele. "Wewe ndiye uko naye kule. Niangalizie, kaka."

"Nitamwangalia," Pua alisema.

Na hakudanganya. Hakuna mtu duniani aliyemwangalia mwanamke yule kuliko yeye. Alirudi nyumbani kwa miguu, akapita njia ndefu. Alikuwa ameamua: kesho anamfuata msimamizi, anasema yote. Kesho ilipofika, msimamizi alikuwa na wageni. Kesho yake Pua alijiambia asubiri kipima gesi kije. Alikwenda stoo kuuliza kama kimefika, akauliza tena baada ya chakula cha mchana, mpaka karani wa stoo akamwambia, "Mzee, hicho kidude ni mchumba wako?"

Asubuhi ya siku yenyewe msimamizi aliwakusanya wanawake wa kupanga zabibu karibu na meza zao. Wanunuzi walikuwa wanakuja. Pua alikuwa upande wa pili, kwenye pampu, ambayo tangu jana yake ilikuwa inakoroma kwa namna asiyoipenda. Aliona mdomo wa msimamizi ukichezacheza lakini feni zilimeza maneno. Aliona wanawake wakiitikia kwa vichwa. Aliona shemeji akitia peremende mdomoni na kukaza kitambaa chake. Hakutilia maanani. Sikio lake lilikuwa kwenye pampu: ilikuwa inavuta kweli, au inapiga kelele tu?

Kontena lilikuwa limeegeshwa, mlango wazi. Muda wa kupumua ulikwisha pita. Pua alilegeza makomeo, akaita, "Shem."

Akaja na tochi. Pua alisogeza mlango, ubaridi ukawapiga usoni. Alisimama vile vile alivyosimama siku zote, kidevu juu, macho yamefumbwa, kama mtu anayenusa. Ukweli ni kwamba alikuwa anasikiliza.

Kimya.

Akausogeza mlango zaidi. Kimya. Kumbe pampu ilikuwa nzima, hofu yake tu.

"Ingieni."

Matoroli yakampita, magurudumu yakigonga kizingiti. Mama Mizani alitangulia kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja hadi ukuta wa mbali. Pua akageuka kuchukua tochi, na tochi ilikuwa inatetemeka. Akamtazama aliyeishika. Midomo ya shemeji ilikuwa imebanwa mpaka imepauka. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanaingia kwenye kitambaa, na alikuwa anamtikisia Pua kichwa polepole, kwa kumsihi: usiseme.

Alikuwa amekizuia kikohozi.

"Tokeni," Pua alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia kwa nguvu. "Tokeni wote."

"Si umesema tuingie?" mmoja aliuliza kutoka ndani.

"Nasema tokeni. Acheni matoroli."

Aliyeuliza akaanza kukohoa kabla hajamaliza kucheka. Wakaanza kutoka, wakisukumana, wengine wameziba pua kwa magauni, wengine wanapapasa ukuta kwa sababu macho yalikuwa hayafunguki. Pua aliwatazama wanavyotoka, mtu mmoja mmoja, akaona nani hayupo. Mama Mizani hakuwa amesikia neno.

Akakimbia ndani. Macho yalimchoma, hilo alilihisi. Lakini harufu haikuwepo. Alipita katikati ya gesi iliyokuwa inawaliza watu wazima, na kwake palikuwa chumba cha baridi tu, chenye zabibu nzuri, ngumu, zinazong'aa ndani ya makreti. Alimkuta bibi amejishika kwenye rundo, ameinama, akitema. Akamshika kiunoni na kumtoa nje akimburuta nusu na kumbeba nusu.

Nje, wanawake walikuwa wameketi ovyo sakafuni, wakipeana maji. Mama Mizani alisukutua, akatema, akasema yu mzima, ila macho yake yamekaangwa. Shemeji alikuwa juu ya kreti lililogeuzwa. Sasa kikohozi kilikuwa kimepata njia, na hakikutaka kukoma. Kila alipovuta hewa, kifua kilitoa sauti nyembamba ambayo Pua aliisikia kutoka alipokuwa.

Msimamizi alikuja mbio, funguo zikilia. "Kwa nini hukusema kama unakohoa?" alimuuliza shemeji.

Mpanga zabibu mwenzake alimjibia. "Si wewe bosi uliyesema asubuhi? Anayekohoa juu ya zabibu arudi nyumbani."

Msimamizi akamgeukia Pua. "Imekuwaje?"

"Ni ile pampu," Mama Mizani alisema, akipangusa macho. "Tangu jana inakoroma. Msimlaumu huyu."

"Pampu," wengine waliitikia. "Pampu mbovu ile."

Pua alisikia neno hilo likizunguka, likimjengea nyumba. Angeweza kuingia na kufunga mlango. Na lisingekuwa uongo, pampu kweli ilikuwa mbovu. Fundi angeitwa, mkanda ungebadilishwa, na keshokutwa angesimama tena kizingitini na kuita, "Shem."

"Sisikii harufu, bosi," alisema.

"Gesi imekuziba?"

"Sisikii harufu yoyote. Tangu mafua ya msimu uliopita."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani, akaacha. Msimamizi alimtazama kama anatafuta mahali pa kuanzia. "Sasa muda wote huu ulikuwa unajuaje?"

Hilo ndilo swali alilokuwa anaogopa. Alijua jibu jepesi: kwa mazoea, kwa kukisia, kwa miaka mingi ya kazi. Wangemwamini. Akamtazama shemeji, ambaye alikuwa ameinua kichwa, akipigania pumzi, akingoja jibu kama wengine.

"Kwa kifua chake," Pua alisema. "Nilikuwa namsimamisha pale mlangoni. Akikohoa, nasema bado. Asipokohoa, nawaambia muingie."

Feni ya nje ilizunguka. Shemeji aliitazama tochi mkononi mwake, akaiweka sakafuni taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Msimamizi hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifunga vyumba vyote mpaka kipima gesi kifike. Aliagiza gari limpeleke shemeji zahanati. Kisha akamwambia Pua, bila kumtazama, "Nenda nyumbani. Nitakuita." Pua alikuwa amesikia maneno hayo yakiambiwa wengine, na alijua walivyokaa nyumbani wakingoja.

Hakwenda nyumbani. Alitembea mpaka zahanati, akaketi kwenye benchi la ukumbini kando ya mlango uliofungwa. Hakuwa amekaa sana alipomwona mdogo wake akija mbio, shati limetoka kwenye suruali.

"Yuko ndani?"

"Yuko ndani. Wamempa hewa. Nesi amesema atakuwa sawa."

Mdogo wake alishusha pumzi, akamshika bega. "Asante, kaka. Nilijua ukiwa naye hatapata..."

"Kaa kwanza," Pua alisema.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alitoka polepole, ameshika kipulizio kidogo cha bluu na karatasi. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nimeandikiwa," alimwambia mumewe. "Pumu. Nisikanyage tena penye gesi." Akamtazama Pua. "Sijui nikacheke na nani sasa mchana kutwa." Halafu akaketi mwisho wa benchi, mbali, akaacha nafasi ya watu wawili. "Mwache akuambie. Mimi sina pumzi ya kusimulia."

Pua akasimulia. Aliyapanga kama yalivyotokea, mafua, maharage, mlango, tochi. Hakuruka ile Jumapili. Alipofika pale aliposema "nitamwangalia," mdogo wake aliondoa mkono uliokuwa begani mwake. Pua aliendelea mpaka mwisho.

Mdogo wake alikaa akitazama sakafu. "Na kama angezoea?" aliuliza baadaye. "Kama kifua kingezoea gesi, asikohoe tena, ungejuaje?"

Pua alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Akabana mikono katikati ya magoti.

Mfagiaji alikuja na ndoo, akaanza kumwaga dawa ya sakafu. Mama mmoja upande wa pili alimfunika mtoto wake uso kwa kanga. Mzee mmoja aliinuka akiguna. Shemeji aliziba mdomo na pua, akakohoa mara moja, na mumewe akawa amekwisha simama, amemshika mkono, anamwongoza kwenda nje. Pua alibaki ameketi, uso wazi, akitazama ufagio unavyokwenda na kurudi.

Mdogo wake alifika mlangoni, akageuka, akamwona. Alisimama pale kidogo. Labda ndipo alipoamini.

"Na wewe toka," alisema. "Hapo panachoma."

Hakusema kwa upole wala kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomwambia kipofu kwamba mbele kuna ngazi. Pua aliinuka akawafuata, hatua chache nyuma yao, mpaka uani. Na kwa kuwa hakujua hewa mbaya inaishia wapi, alisimama pale waliposimama wao.